Ndoo Sita za Kaa

Ndoo zilitoka kiwandani na harufu yake:
kaa wekundu walikaa humo, wakakaa tena.
Nilizisugua kwa soda, kwa siki, kwa majivu,
na bado paka wa Edelmira alikuja kuzinusa
kama aliyefika matangani.

Juni, Punta Arenas. Jua huchomoza saa nne asubuhi,
na saa kumi na moja unusu limeshajiondokea bila kuaga.
Upepo unayang'ata mabati.
Letusi ya dukani, iliyosafiri siku tano kwa lori,
ina bei ya kuku na uso wa mgonjwa.
Nikasema: nitalima jikoni, bila udongo.
Yerko, mtoto wa kaka yangu, akacheka hadi akakaa chini.
Kisha akaenda kuleta drili.

Tulitoboa kila ndoo karibu na kitako,
tukapachika mipira ya kuzibia, tukapitisha paipu.
Ya kwanza ikaishika mkono ya pili, ya pili ya tatu,
hadi ya sita, nayo ikayarudisha maji pipani,
na ndani ya pipa pampu ya tangi la samaki
ikaanza kuguna.
Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakuwa na pampu.

Usiku wa kwanza: ndo. Ndo. Ndo.
Chururu si ndo ndo ndo, nikajisemea, nikageuka upande.
Alfajiri soksi zangu zikanipa taarifa kamili.
Tundu la ndoo ya tatu lilikuwa yai, si duara;
mkono wa Yerko uliteleza, na hakusema.
Mficha tundu huamkia majini.

Wiki ya pili majani yakawa njano, mishipa kijani.
Nikaongeza mbolea. Yakazidi.
Nikaongeza tena: mkono wa mpishi haujui njia nyingine.
Yerko akachovya karatasi ya kupimia. Saba na nusu.
"Shangazi, meza umeijaza, midomo umeifunga."
Siki, tone kwa tone, hadi tano nukta nane.
Kesho yake ikapanda. Tukarudia.

Halafu ukaja ute wa kijani,
kwa kuwa mwanga ulipenya plastiki nyeupe.
Nikazivika ndoo mifuko myeusi, na juu yake makoti yangu ya kazini.
Mizizi ina haya zake.

Lakini ndoo ya sita!
Ya kwanza ina kiu, ya sita inafurika.
Nikabadili pampu. Nikachokonoa paipu kwa waya,
nikatoa mizizi kama ndevu za mlevi.
Nikapuliza kwa mdomo hadi nikaona nyota;
mbolea ina ladha ya sarafu.
Ikafurika.

Edelmira akaja na gololi ya mjukuu wake.
Akaiweka sakafuni, mlangoni. Ikafikiri kidogo,
kisha ikaanza safari, taratibu, ikapita jiko, ikapita kiti,
ikagonga ndoo ya sita. Ti.
"Nyumba yako imelala upande," akasema.

Miaka thelathini na mmoja.
Supu iliyofurikia upande mmoja tu, nikaulaumu moto.
Kabati lililojifungua usiku, nikaulaumu upepo.
Na Nolberto, niliyemtupia mabegi yake kwenye theluji
huku akiapa kwamba sakafu inamvuta.
Alikuwa amelewa, ndiyo.
Na sakafu ilikuwa ikimvuta.

Tulizipandisha ndoo juu ya dhumna za marehemu baba,
moja chini ya ya pili, mbili chini ya ya tatu,
na chini ya ya sita, tano zilizobebana.
Maji yakatulia, yakawa kimo kimoja.

Septemba, nyanya moja, ndogo kama ngumi ya mtoto.
Nusu kwa Edelmira. Robo kwa Yerko, aliyeila bila chumvi.
Robo iliyobaki iko mezani, kwenye sahani.
Simu iko karibu nayo. Sijaishika.
Naitazama robo ile ikiteleza juu ya maji yake,
kidogo, kidogo,
kuelekea dirishani.